Sura ya Tano: Mvua Kubwa na Kumbukumbu Fupi katika Bonde la Lukuga

Niemba ni mji mdogo wa reli katika eneo la Kalemie, jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kando ya mto wenye jina hilohilo ambao humwaga maji yake katika mto Lukuga. Huko hakuna theluji wala majira ya baridi kama ya nchi za kaskazini. Mwaka una sehemu mbili tu: majira ya mvua yanayoanza Oktoba na kuendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kiangazi kinachojaza miezi iliyobaki. Hata hivyo, swali ambalo watu wa nchi za theluji huulizana kila dhoruba inapopita, yaani kama hii imezidi zile za zamani na kama wazee walipata kuona mfano wake, huulizwa pia katika bonde la Lukuga kila mto unapopanda hadi kwenye mashamba. Sura hii inalichukua swali hilo kwa uzito wake, na hoja yake ni kwamba ufundi wa kuishi na mvua ya kila mwaka hurithiwa vizuri kwa sababu somo lake hurudiwa kila mwaka, ilhali ufundi wa kuishi na kujaa kwa ziwa hupotea, kwa kuwa maji hayo hurudi baada ya muda unaozidi umri wa kizazi kimoja.

Theluji isiyofika chini

Umbali kati ya mvua ya Niemba na theluji ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Katika nchi za ikweta hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda juu, na kwenye kimo cha karibu mita 5,000 maji huanza kuganda. Mawingu ya radi yanayojengeka mchana juu ya misitu na ziwa hupita kimo hicho na kuendelea hadi kilomita 10 na zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya matone mazito yanayoanguka wakati wa dhoruba huanza yakiwa punje za barafu, kisha huyeyuka yakishuka katika hewa ya joto. Punje zikiwa kubwa mno kuyeyuka zote njiani, huanguka kama mvua ya mawe, nayo ndiyo barafu pekee ambayo mkulima wa Niemba huipata shambani kwake. Nchini Kongo ni milima ya Rwenzori tu, ambayo kilele chake cha juu kina mita 5,109, inayofika kwenye kimo hicho cha kuganda na kupokea theluji kabla haijageuka mvua, na hata huko barafu ya kudumu imepungua sana tangu mwanzo wa karne ya 20.

Mvua yenyewe huletwa na ukanda wa makutano, yaani eneo pana karibu na ikweta ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kulazimisha hewa yenye unyevu ipande. Ukanda huo hulifuata jua, ukishuka kusini kuanzia Oktoba na kurudi kaskazini baada ya Machi, na ndiyo maana Niemba, iliyo karibu na nyuzi 6 kusini mwa ikweta, huingia katika mvua na kutoka kwa utaratibu unaotabirika. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Katika uchunguzi wa setilaiti, Kabare katika Kivu Kusini imeonekana kuwa ya pili kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Dhoruba za namna hii hudumu saa chache tu, lakini zinaweza kuujaza mto mdogo kabla ya jua kuzama.

Ufundi wa kila mwaka

Matayarisho ya mvua huanza mvua ikiwa bado mbali. Nyasi za kuezekea hukatwa wakati wa kiangazi kabla moto wa mbugani haujaziteketeza, na matofali ya udongo hufyatuliwa katika miezi hiyohiyo kwa sababu tofali linalonyeshewa kabla ya kukauka hurudi kuwa tope. Ukuta wa udongo huanza kuliwa na maji chini, pale yanaporuka kutoka ardhini na kulowesha msingi, na kwa sababu hiyo mjenzi anayeijua kazi yake hurefusha paa lipite ukuta, huinua sakafu kuliko uwanja, na huchimba mfereji wa kuuzunguka ukuta ili maji yapate njia nyingine. Kumbikumbi wanapotoka kwenye vichuguu baada ya mvua za mwanzo, wao ni chakula na pia ni ishara kwamba udongo umelowa kiasi cha kutosha.

Kilimo nacho kimepangwa kwa kuigawa hatari. Mahindi na karanga hupandwa mvua zinapoanza, lakini muhogo ndio unaoishikilia familia, kwani hukaa ardhini miezi mingi na kuchimbwa kwa kadiri ya mahitaji, hivyo shamba lenyewe huwa ghala. Ghala hilo lina udhaifu wake. Mizizi ikikaa katika ardhi iliyojaa maji huoza, na muhogo mchungu lazima ulowekwe siku kadhaa ili sumu yake itoke, kisha uanikwe hadi ukauke kabisa. Jua linapokosekana kwa wiki nzima, makopa, yaani vipande vya muhogo uliokaushwa, huota ukungu, na wapishi hulazimika kuvikausha juu ya meko, jambo linaloongeza matumizi ya kuni wakati ambapo kuni kavu ni adimu. Familia yenye shamba moja bondeni na jingine mlimani huwa na kinga, kwa kuwa mwaka wa maji mengi huharibu la chini na kulinusuru la juu, na mwaka wa ukame hufanya kinyume chake.

Mafuriko ya kawaida pia yana faida, na wenyeji wa mabonde hawayahesabu kuwa msiba mtupu. Maji yanapotanda kwenye mbuga za kando ya mto, kambare huyafuata ili kuzaliana humo, na wavuvi huweka mitego kwenye njia za kurudia wakati maji yanapopungua. Tope linaloachwa nyuma huilisha ardhi ya bustani za kiangazi. Hasara iliyo kubwa zaidi huja kwa njia ya maji ya kunywa. Kipindupindu, ugonjwa wa kuhara unaoenezwa na bakteria katika maji yaliyochafuliwa, umekuwa wa kudumu katika Kalemie na miji mingine ya mwambao kwa miongo kadhaa, na mvua inayosomba vyoo na kuifikisha taka kwenye visima huurahisishia njia. Kwa sababu hiyo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifanya kampeni ya chanjo mjini Kalemie katika miaka ya 2013 na 2014, na kuchemsha maji au kuyatia klorini kumekuwa sehemu ya kujiandaa kwa mvua sawa na kuezeka paa.

Reli, barabara na daraja

Mawasiliano ndiyo yanayoteseka mapema zaidi. Reli inayounganisha Kalemie na Kabalo kupitia Niemba na Nyunzu, yenye urefu wa kilomita 273, ilikamilishwa mwaka 1915 na Kampuni ya Reli ya Maziwa Makuu, na leo iko chini ya shirika la taifa la reli linalojulikana kwa kifupi kama SNCC. Reli hupita juu ya tuta, na tuta lililokatiza bonde huwa ukuta unaozuia maji yasitawanyike, isipokuwa limetobolewa kwa makalvati, yaani mifereji mikubwa iliyojengwa chini yake. Kalvati lililozibwa na matawi na mchanga huyageuza maji yaliyokuwa yapite kimya kuwa bwawa upande mmoja, hadi tuta lenyewe limomonyoke. Hivyo kusafisha makalvati wakati wa kiangazi ni kazi isiyoonekana ambayo faida yake hujulikana inapoachwa.

Barabara za udongo zina kanuni yao ya zamani, ambayo bado inatumika katika sehemu nyingi za Kongo: mti hulazwa kukatiza njia baada ya mvua, na malori hayaruhusiwi kupita mpaka udongo ukauke kwa saa kadhaa. Kizuizi hicho cha mvua huwaudhi madereva, lakini lori moja zito likipita kwenye tope huacha mitaro ambayo mvua inayofuata huigeuza kuwa makorongo. Pale magari yanaposhindwa, baiskeli iliyosheheni mizigo na mtumbwi wa kuvushia huendelea kufanya kazi, ingawa kwa bei inayopanda pamoja na mto.

Historia ya vita imeandikwa pia kwa kalenda hiyo ya mvua. Mwaka 1915 Waingereza walipozisafirisha mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini hadi ziwa Tanganyika ili zikabiliane na meli za Wajerumani, safari ya kuzivuta juu ya milima ya Mitumba ilifanywa Agosti na Septemba kwa haraka ya kuitangulia mvua, na mashua zikafika mwambaoni kwa reli hii mpya mwishoni mwa Oktoba. Jina la Niemba lenyewe lilijulikana mbali kwa sababu ya daraja. Tarehe 8 Novemba 1960 askari 11 wa Ireland waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa walishambuliwa kwenye kivuko cha Luweyeye, kusini mwa mji, ambako daraja lilikuwa limevunjwa. Askari 9 waliuawa. Daraja hilo lilivunjwa na watu, lakini tukio hilo lilionyesha jambo ambalo kila mwenyeji wa bonde analifahamu, kwamba katika nchi ya mito mingi mtu hukutwa na hatari pale anapolazimika kusimama.

Ziwa lililojaa hadi likafunguka

Yote yaliyotajwa hadi hapa ni maji ya saa na ya siku. Yako pia maji ya miaka, nayo yanatoka ziwani. Tanganyika lina eneo la karibu kilomita za mraba 32,900 na kina kinachofikia mita 1,470, na ingawa mito mingi huingia humo, ni Lukuga peke yake unaotoka, ukianzia Kalemie na kutiririka kuelekea magharibi hadi kwenye Lualaba, kaskazini mwa Kabalo. Sehemu kubwa ya maji yanayopotea ziwani haipiti hata Lukuga, bali hupanda angani kwa uvukizi, yaani maji kugeuka mvuke kwa joto la jua na upepo. Ziwa la namna hii hujaa polepole na hupungua polepole: kila mwaka hupanda hadi Aprili au Mei na kushuka hadi Oktoba au Novemba, lakini miaka kadhaa ya mvua ya ziada ikifuatana, nyongeza ya mwaka mmoja huwekwa juu ya ile ya mwaka uliotangulia. Uso wa ziwa ukipanda mita moja tu, hiyo ni kilomita za ujazo 33 za maji ambazo njia zake za kutokea ni mvuke na mto mmoja.

Mfano mkubwa zaidi uliorekodiwa ni ule wa karne ya 19. Mei 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mdomo wa Lukuga, akaukuta umesongwa na mimea na akatamka kwamba ndio mlango wa ziwa. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 hakuona mkondo wa maana, ila matope na matete. Wakati huohuo alishuhudia ziwa likipanda, kwani miti mitatu aliyoikumbuka ikiwa sokoni Ujiji mwaka 1871 sasa ilikuwa imesimama ndani ya maji, naye akakata shauri kwamba maji yangevuka kizuizi muda si mrefu. Karibu na mwaka 1878 kizuizi hicho kilivunjika. Mmisionari Edward Coode Hore aliuona mto ukienda kwa kasi mwaka 1879, na Joseph Thomson akauthibitisha mkondo huo mwishoni mwa mwaka huo. Wasafiri hao walibishana miaka mingi kama Lukuga unatoka ziwani au hautoki, na kila mmoja alikuwa na haki kwa siku aliyoiona, kwa kuwa walikuwa wakitazama nyakati tofauti za jambo moja refu.

Baada ya kufunguka, Lukuga ulilipunguza ziwa kwa takriban mita 10 katika muda wa miaka 15 hivi. Ardhi pana iliibuka mwambaoni, na juu ya ardhi hiyo maisha mapya yalijengwa. Albertville, mji uliopewa jina la Kalemie mwaka 1966, ulianza kama ngome ya mwaka 1891, wakati maji yalikuwa bado yanarudi nyuma. Bandari na mitaa ya chini ya karne ya 20 ilipangwa kwa kulifuata ziwa lililokuwa limeshuka, na kimo hicho kikachukuliwa kuwa ndicho kimo chake cha kawaida.

Mvua za 1961 na marudio yake

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua zisizo za kawaida ziliikumba Afrika Mashariki yote na sehemu za Kongo. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache, mto Kongo ulifika Kinshasa ukiwa na kimo cha mita 6.26, na Tanganyika liliendelea kupanda hadi kilele chake cha mwaka 1964, karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Chanzo kikuu ambacho wanasayansi wamekitambua ni dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani hali ambapo maji ya bahari upande wa Afrika huwa na joto kuliko kawaida na yale ya upande wa Indonesia huwa na baridi, hivyo unyevu na mawingu husogea kuelekea magharibi. Katika Kongo, miaka hiyo ilikuwa pia ya vita vya kujitenga kwa Katanga na ya uasi, na kwa wengi kumbukumbu ya maji ilifunikwa na kumbukumbu ya kukimbia.

Dipoli hiyohiyo ilikuwa na nguvu mwaka 1997, ikiambatana na El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Pasifiki katika eneo la ikweta. Ikarudi kwa nguvu mwaka 2019, na tena mwishoni mwa mwaka 2023. Aprili 2020 mito inayoshuka milimani iliharibu sehemu kubwa ya mji wa Uvira, na mwaka uliofuata ziwa lililokuwa likipanda liliwahamisha watu katika miji ya mwambao, ikiwemo Kalemie na Bujumbura. Januari 2024 mto Kongo ulifikia mita 6.20 mjini Kinshasa, pungufu ya sentimita 6 tu ya kimo cha 1961, na katika miezi iliyofuata Tanganyika lilikaribia tena alama ya 1964, likifunika nyumba na barabara zilizojengwa katika miaka 60 ya katikati. Kwa mji wa bondeni kama Niemba athari ya ziwa lililojaa haiji kwa mawimbi, bali kwa mkondo: Lukuga huwa tayari umebeba maji mengi kutoka ziwani, na mto mdogo unapofurika kwa dhoruba hukosa pa kuyamwaga, hivyo mafuriko ambayo yangeisha kwa siku mbili hukaa muda mrefu zaidi.

Kumbukumbu iliyowekwa mahali

Kati ya kilele cha 1878 na kile cha 1964 ilipita miaka 86. Kati ya 1964 na 2024, miaka 60. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1964 alikuwa na 70 mwaka 2024, na ikiwa alihamishwa na vita katikati, kama ilivyowapata maelfu ya watu wa jimbo hili katika mapigano kati ya Waluba na Watwa kuanzia 2013, huenda hata hakuwepo mahali ambapo ushahidi wake ungehitajika. Si haki kumlaumu mwenyeji mpya aliyejenga penye maji, kwani ardhi tambarare iliyo wazi karibu na soko ilionekana kuwa zawadi, na aliyejua sababu ya kuachwa wazi alikuwa amehama au amefariki.

Waluba wa Katanga walilitambua tatizo la kumbukumbu zamani, ingawa kwa mambo ya utawala. Chama chao cha mbudye kilitunza lukasa, ubao wa mbao uliopambwa kwa shanga na michoro, ambao mtaalamu aliyefundishwa aliupapasa kwa kidole huku akisimulia nasaba za wafalme, safari na maeneo matakatifu. Historia ilihifadhiwa na kitu pamoja na mtu aliyepewa wajibu wa kukisoma, wala haikuachiwa bahati ya mzee mwenye akili nzuri. Katika nchi za theluji pia, kumbukumbu ilifaa ilipogeuzwa kuwa kitu. Dhoruba ya Machi 1888 iliyoizika New York ilikata nyaya za simu na umeme zilizotundikwa juu ya mitaa na kuzisimamisha treni zilizopita kwenye reli zilizoinuliwa, na ikawa miongoni mwa hoja za kuzifukia nyaya hizo na kujenga reli ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1904. Wakazi wa leo hawahitaji kuikumbuka dhoruba hiyo ili wanufaike nayo.

Bonde la Lukuga lina nyenzo za kufanya vivyo hivyo. Vipimo vya uso wa ziwa vimekuwa vikichukuliwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na tangu 1992 setilaiti hulipima kutoka angani. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini mkataba wa pamoja mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana nao ina makao yake Bujumbura. Kinachokosekana ni daraja kati ya takwimu hizo na mtu anayetafuta kiwanja. Alama ya rangi kwenye ukuta wa kanisa, wa stesheni au wa shule, ikionyesha maji yalipofika na mwaka wake, hugharimu kopo moja la rangi. Redio za kijamii zinazotangaza kwa Kiswahili zinaweza kusoma kimo cha ziwa kila wiki kama zinavyosoma bei za soko. Na machifu wanaogawa ardhi wanaweza kukubaliana kwamba chini ya alama hiyo watu walime bustani, waanike samaki na kufyatua matofali wakati wa kiangazi, lakini wasilale humo.

Hatua hizo hazitaizuia mvua wala kulishusha ziwa, na hazitoshi pale ambapo umaskini unamlazimisha mtu kujenga anapopata. Faida yake ni kuitenganisha hatari na bahati ya kukumbuka. Mtoto aliyezaliwa Niemba mwaka 2024 atajifunza kuezeka, kuloweka muhogo na kusafisha mfereji bila kitabu chochote, kwa sababu mvua yenyewe itamrudisha shuleni kila Oktoba. Habari za ziwa hazina mwalimu wa namna hiyo. Kama hazikuandikwa ukutani katika miaka hii ambapo mstari wa maji bado unaonekana kwenye nyumba, zitalazimika kujifunzwa upya kwa gharama ya nyumba nyingine.